Skrubu ya kabureta haitibu kila kitu

Kuna imani ya miaka mingi kwamba gari la zamani likisumbua baada ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kufunguliwa na kufungwa upya, dawa ni kuzungusha skrubu ya mchanganyiko. Kwenye kabureta nyingi, skrubu hiyo hurekebisha sailensa tu, yaani injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukishakanyaga mafuta, jeti kuu, tundu dogo linalopitisha petroli, ndiyo inayoamua. (Kabureta za aina ya SU ni habari nyingine: nati ya jeti yake hugusa mwendo wote.)

Ukiikaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi mwisho na injini isitetereke, acha kuihangaikia. Petroli inapita kwingine. Chungulia kooni mwa kabureta injini ikiwa kwenye sailensa: petroli ikidondoka kutoka pua ya jeti kuu, kiwango cha boya (linalopima petroli ndani ya kabureta) kiko juu mno, au vali ya sindano inayofunga petroli isiingie haizibi. Kukiwa kukavu, huenda kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kimefunguliwa kupita kiasi.