Ubao wa Wahoo wa kuchonga mwenyewe: mbao ni uzuri tu, game iko kwenye mashimo

Watu wakiona ubao wa Wahoo, ule mchezo wa gololi na dadu, swali la kwanza ni mbao gani hiyo, na ninaelewa, mimi pia ni seremala na mbao nzuri inanivuta, lakini ukitaka kujua ubao ni wa fundi au ni wa kubahatisha usiangalie rangi ya mbao, weka gololi kwenye shimo halafu gonga meza kidogo. Ikitikisika au ikitoka huo ubao hautachezwa mara mbili.

Kwa ambao hamjaijua, Wahoo ni ya ukoo mmoja na ludo, asili yao ni pachisi ya India, ile ya kurusha kauri. Uingereza wakaisajili ludo mwaka 1896, Marekani walikuwa na Parcheesi yao tangu miaka ya 1870, na baadaye Aggravation ya gololi ikaingia madukani 1962. Wahoo ndio ile ambayo watu wengi huku Marekani wanajichongea wenyewe gereji. Kila mtu ana gololi nne, unazungusha ubao mzima, ukimkuta mwenzako unamla anarudi kwao kuanza upya, na nyumbani unaingia kwa namba kamili. Tofauti kubwa na ludo tuliyokulia ni kwamba gololi inatoka kuanza safari kwa 1 au 6. Inaonekana kitu kidogo lakini piga hesabu, kwa 6 peke yake kuna uwezekano wa kama asilimia 58 wa kurusha mara tatu bila kutoka, kwa 1 au 6 inashuka mpaka kama 30, kwa hiyo hakuna mtoto anayekaa ananuna pembeni wakati wenzake wanacheza. Katikati kuna shimo moja la njia ya mkato, ukiingia hutoki mpaka upate 1, na sheria zake zinatofautiana nyumba kwa nyumba so mkubaliane kabla hamjaanza sio gololi ya mtu ikishaingia.

Sasa kuchora. Ubao wangu wa watu wanne ni msalaba, kila mkono una mashimo 6 kupanda, 1 juu, 6 kushuka, ongeza 4 ya kona za ndani, njia inakuwa 56. Weka 16 ya kuanzia, 16 ya nyumbani, na lile la katikati, jumla 89. Kutoka shimo hadi shimo naweka milimita 28 maana lazima vidole vya mtu mzima vipite kati ya gololi mbili bila kusukuma ya jirani, watu wengi wanabana mpaka 22 ili ubao uwe mdogo halafu mchezo unakuwa ugomvi. Na tafadhali usipime shimo kwa shimo. Piga mstari wa katikati, pima kila kitu kutoka hapo, kwa sababu ukikosea nusu milimita kila hatua, hatua 14 za kutoka ncha hadi ncha ya msalaba zinakupa milimita 7 na msalaba wako unapinda waziwazi.

Gololi za kawaida ni milimita 16 hivi. Keekee ya kawaida inaacha shimo lenye kuta zilizonyooka, gololi inakalia ukingo tu, mwanzoni inakaa vizuri kabisa lakini ule ukingo unaliwa, hasa upande ambao nyuzi za mbao zimekatwa, na ubao ukishachezwa sana mashimo mengine yanakuwa yamelegea mengine bado. Mimi natumia biti ya ruta (ile mashine ya kuchonga mbao) yenye ncha ya mviringo, ya milimita 16, naifunga kwenye drili ya kusimama, nazamisha milimita 4. Hapo mdomo wa shimo unakuwa karibu milimita 14 na gololi inabaki imechomoza 12, inashikika kirahisi na haiondoki mtu akipiga meza kwa furaha. Kina cha 2 ni kifupi mno. Ukifika 6 au zaidi bibi mwenye vidole vya baridi yabisi atapata shida kuitoa, na hii game ni ya bibi na wajukuu. Weka kizuizi cha kina kwenye drili, usikadirie kwa jicho. Kwenye mbao ngumu kama maple biti ikiwa butu inaunguza, inaacha duara jeusi chini ya shimo, na kusugua ndani ya mashimo 89 ni kazi ya kuchosha kweli kweli, bora unoe au ununue mpya. Huna ruta wala drili kubwa? Toboa kwa keekee ya 12, halafu funga msasa kwenye gololi na uzungushe kwa mkono mpaka ukingo ulainike. Inachukua muda ila inakubali.

Mbao iwe kavu. Ubao wa sentimita 46 wa maple, unyevu wake ukishuka kwa pointi 4 za asilimia, na nyumba zenye hita wakati wa baridi zinafanya hivyo, unaweza kusinyaa kama milimita 6 kwa upana. Ndio maana sigundishi fremu pande zote, itapasuka tu, na mafuta au vanishi napaka juu na chini sawasawa, ukipaka juu peke yake ubao utajikunja na gololi zote zitaanza kuegemea upande mmoja.

Dadu nazo watu wanazipuuza. Mbao haisinyai sawa, kwa urefu wa nyuzi inabaki karibu vilevile, kwa upana inapungua. Ukikata dadu kwenye mbao mbichi, ikikauka inakuwa ndefu kidogo upande mmoja, na nyuso za ncha mbili za urefu zinaanguka mara chache kuliko zile nyingine. Kama ncha hizo ni 1 na 6, mezani watu watashindwa kutoka kwenye mashimo ya kuanzia na watalaumu bahati. Kwa hiyo kausha kwanza, kata, kisha pima urefu, upana na kimo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita. Pande zinazotazamana zijumlishe 7. Vidoto usichimbe sana kwa sababu vidoto sita vinatoa mbao nyingi kuliko kimoja, upande wa 6 unakuwa mwepesi na una tabia ya kubaki juu, mimi kile cha 1 nakichimba kipana zaidi ili kusawazisha uzito.

Rangi za mashimo ya kuanzia na ya nyumbani paka baada ya mkono wa kwanza wa vanishi, ukipaka kwenye mbao tupu inasambaa kwenye nyuzi na mduara unakuwa na miguu. Gololi nunua za ziada, angalau moja kwa kila rangi, maana chini ya kochi zitaenda tu.