Sababu za kitaasisi katika ujenzi wa mahakama: maana yake

Jengo la mahakama likichelewa, wa kwanza kulaumiwa ni mkandarasi. Mara nyingine anastahili. Ila kuna sababu ambazo huzioni ukisimama nje ya uzio wa mabati: nani mwenye mamlaka ya kuamua, barua inapita meza ngapi kabla haijasainiwa, fedha zinatoka mfuko upi, na mhandisi wa taasisi yupo au amehamishwa. Hizo ndizo sababu za kitaasisi. Hazihusu mvua, udongo wala bei ya nondo. Zinamhusu mwenye mradi mwenyewe: muundo wake, watu wake, fedha zake na namna anavyofikia uamuzi.

Mahakama ni mwenye mradi wa aina yake, kwa sababu ujenzi si kazi yake ya kila siku. Wakala wa barabara huamka na barabara na kulala nayo. Mahakama kazi yake ni kusikiliza mashauri. Jaji au hakimu anajua chumba cha mahakama kinavyopaswa kufanya kazi, lakini hasaini malipo. Anayesaini malipo haketi kizimbani wala mezani pa hakimu. Mhandisi naye anajua zege, lakini huenda hajawahi kushuhudia shauri la mauaji likisikilizwa. Kwa mtazamo wangu, matatizo mengi ya majengo haya huzaliwa katika nafasi iliyopo kati ya watu hao watatu.

Tanzania ilijaribu kupanga nafasi hiyo kwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011. Sheria hiyo ilianzisha cheo cha Mtendaji Mkuu wa Mahakama na Mfuko wa Mahakama, na kutenganisha shughuli za utawala na zile za kimahakama, ambazo zinabaki kwa Msajili Mkuu. Kenya ilichagua njia nyingine. Ibara ya 161 ya Katiba ya 2010 inampa Msajili Mkuu wa Mahakama usimamizi wa utawala na wajibu wa kujibu kuhusu fedha, vyote kwa pamoja. Mfuko wa Mahakama umo katika ibara ya 173, sheria yake ikapitishwa 2016, lakini mfuko ukaanza kutumika 2022. Kati ya Katiba na mfuko ilipita miaka 12, na bajeti ya Mahakama iliendelea kutegemea mgao wa Hazina.

Mamlaka yakishajulikana yako wapi, zinafuata taratibu za ununuzi. Chini ya sheria za ununuzi wa umma Tanzania, uamuzi hauwi wa mtu mmoja: kuna afisa masuuli (mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi), bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi, idara tumizi (idara inayohitaji kazi hiyo) na kamati ya tathmini. Mgawanyo huo umewekwa kwa makusudi, kuzuia mtu kujipa kazi mwenyewe, na siungi mkono wanaotaka uondolewe. Ila una gharama, na gharama hiyo huonekana zaidi pale kitu kinapobadilika kazi ikiwa katikati.

Chukua mfano wa njia za kupita. Jengo zuri la mahakama lina njia tatu zisizokutana: ya majaji na mahakimu, ya wananchi, na ya mahabusu kutoka selo hadi kizimbani. Shahidi asigongane na mtuhumiwa kwenye korido. Sasa tuseme mchoro umepitishwa bila hakimu wa kituo kuulizwa, msingi umemiminwa, ndipo anafika saiti na kuona mahabusu watapita mbele ya mlango wa masijala. Ana haki kabisa. Lakini mlango mmoja kuhamishwa ni badiliko la mkataba: mshauri elekezi achore upya, mkadiriaji majenzi apige hesabu, kitengo cha ununuzi kiandae maombi, bodi ya zabuni ikae. Mafundi wanasubiri, na mkandarasi anaandika barua ya kudai muda wa nyongeza.

Teknolojia nayo inaweza kuzidisha uzito wa maamuzi ya mapema. Mahakama ya Kibaha ilijengwa kwa mfumo wa Moladi, ambapo ukuta humiminwa ndani ya fomu za plastiki, mabomba na njia za nyaya zikiwa zimeshapangwa humo. Kazi inakwenda haraka. Ila ukuta ukishaganda, hakuna kusema "swichi ingekaa kule". Anayetumia jengo lazima awe ameshasema yake kabla.

Malipo ni sehemu nyingine inayouma. Mkandarasi akimaliza hatua, kazi inapimwa, msimamizi anatoa hati ya malipo, hati inakwenda kwa afisa masuuli. Katika mikataba mingi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano), toleo la 1999, mwenye mradi ana siku 56 kulipa tangu msimamizi apokee madai. Siku hizo ni nyingi kwenye karatasi, ila chache kama mwenye saini yuko safarini au mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Zikipita, riba inaanza kuhesabiwa, na riba hiyo haiongezi hata tofali moja.

Fedha za mkopo zinaongeza meza nyingine. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 65 kwa maboresho ya Mahakama ya Tanzania. Kutoka katika maboresho hayo vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita mwaka 2021: Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza, na viwili Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke. Mkopo huleta uhakika wa fedha, na huleta pia masharti ya mkopeshaji kuhusu zabuni na mazingira. Zaidi ya hapo, kituo jumuishi kinaweka chini ya paa moja ngazi kadhaa za mahakama pamoja na wadau wengine wa haki, waendesha mashtaka na mawakili wakiwemo. Kila mmoja ana bosi wake na orodha yake ya vyumba. Lazima awepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema "hapana" kwa wote.

Uhamisho wa watumishi huzungumzwa kidogo, na mimi nauona mzito kuliko upungufu wa watumishi wenyewe. Mhandisi aliyehudhuria vikao vya saiti tangu mwanzo akihamishwa, anaondoka na sababu za maamuzi ambazo hazikuandikwa kwenye muhtasari. Anayekuja anauliza upya, na mkandarasi mjanja anamjibu kwa faida yake.

Kisha jengo linakabidhiwa. Kunakuwa na kipindi cha uangalizi, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo mkandarasi anapaswa kurekebisha kasoro huku sehemu ya fedha yake ikiwa imezuiwa. Muda huo timu ya mradi imeshavunjwa au imehamia mradi mwingine, na funguo ziko kwa ofisa wa kituo ambaye hakuwahi kuuona mkataba. Paa linavuja mwezi wa kumi na tatu, fedha iliyozuiwa imeshalipwa, na bajeti ya matengenezo ya kituo haikuongezwa jengo lilipoongezeka.