Kuunganisha pingili za mgongo ni nini hasa?

Mtu akiambiwa atawekewa vyuma kiunoni anadhani vile vyuma ndo tiba yenyewe, kwamba vitambebea mgongo maisha yake yote. Hapana. Kinachotafutwa ni pingili mbili au zaidi zishikane ziwe mfupa mmoja, pasicheze tena, sababu kule kucheza ndo kunakodhaniwa kuleta maumivu. Skrubu na vyuma vinashikilia tu mpaka mfupa uote, kama mbao za zege, ila hizi kwa kawaida zinabaki humo humo. Na ndo maana madaktari wa kwanza kuufanya upasuaji huu kule New York mwaka 1911, Hibbs na Albee, waliweza bila skrubu hata moja, walitumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe, na walikuwa wanatibu zaidi TB ya mgongo.

Siku hizi wengi wanaofanyiwa upasuaji huu ni wale ambao diski zimechakaa, yani ule mto ulio kati ya pingili na pingili umekauka ukapungua kimo, hasa zile mbili za chini kabisa, ambazo madaktari wanaziita L4-L5 na L5-S1, maana ndo zenye mzigo. Daktari anaweza kuitoa diski, akaweka kifaa cha kujaza ile nafasi pamoja na vipande vya mfupa, pengine umechotwa nyongani kwako. Kuota kwake ni miezi, saa zingine mpaka mwaka, na sigara inaharibu sana hapo.

Sasa ngoja, diski kuchakaa peke yake sio tiketi ya kupasuliwa. Ukipiga MRI watu wazima wasio na maumivu yoyote, wengi utakuta diski zao zimechakaa vilevile! Pingili ikiwa imeteleza na mishipa ya fahamu inabanwa, hapo hoja ipo. Lakini kwa maumivu ya kiuno tu, utafiti wa Uingereza uliotoka 2005, wagonjwa 349, ulikuta tofauti kati ya waliopasuliwa na waliopewa mazoezi makali ya viungo ni ndogo mno. Halafu pingili za jirani zinabaki na kazi ya ziada, miaka ikienda nazo zinaweza kusumbua.

Ila ukiona mkojo hauzuiliki au umegoma kutoka, au ganzi imeingia sehemu za siri, hayo ya kujaribu mazoezi kwanza hayakuhusu, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.