Je, wajua kwa nini mtu anaweza kushona mashati miaka mitano na bado hajui kushona shati?

Fundi wa cherehani pale Kibuye, Kisumu, ukimpelekea kitambaa atakupima, akate, ashone kola, mikono, vifungo, yote peke yake. Sasa muulize mtu aliyetoka kiwanda cha nguo, sana sana zile za EPZ Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, zilizokua kwa kuuza Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa mwaka 2000 wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, uone. Unaweza kujibiwa tu, "mimi nilikuwa wa mfuko," yaani alishona mifuko ya mashati tu.

Wengi wakisikia hivyo wanacheka, ati huyo alikaa tu bila kujifunza, mtu mjanja angezunguka kila mashine. Hiyo si kweli, na ubaya wake ni kwamba lawama inaangukia mtu ambaye hata ruhusa ya kuinuka kwenye kiti anaomba. Pia wanadhani mwenye mkono mwepesi anamaliza tageti yake, ile idadi anayotakiwa kushona kwa siku, mapema anaenda nyumbani. Wapi! Mkono mwepesi ndio unamfunga pale pale.

Sababu ni laini, yaani ule mstari wa mashine ambapo kila mtu anashona kipande kimoja tu na kumpitishia anayefuata. Fikiria chapati za harusi huku kwetu: mmoja anakanda, mwingine anakata madonge, mwingine anasukuma, na wa mwisho yuko na kikaango kimoja. Hata anayesukuma akiwa moto namna gani, chapati zitatoka kwa mwendo wa kikaango, zake zitarundikana tu kwa sinia zikishikana. Na anayekanda akienda kuongea na simu, baada ya muda kikaango kinakaa bure na wageni wanaanza kuchungulia jikoni.

Kiwandani ni hivyo hivyo. Tuseme shati lina kazi ya dakika 20, limegawanywa kwa maopareta 20, kila mtu dakika moja. Kwa masaa 8 zinatoka kama 480. Lakini wa kola akichukua dakika mbili, laini yote inashuka hadi 240, hata kama wale wengine 19 wanaruka juu. Ndio maana supavaiza anahesabu hata dakika za choo, na ndio maana wa mfuko akishazoea mfuko hahamishwi, kumfundisha kola wiki hii ni kupoteza mashati wiki hii. Kuna wachache wanaojua mashine nyingi, wanawekwa kuziba pengo mtu asipokuja, na karakana ndogo bado zinamwachia mtu mmoja nguo nzima, kwa hivyo si kila mahali.

Kitu cha ajabu zaidi ni vile hiyo dakika moja inapatikana. Mtu anakuja na saa anasimama nyuma yako anakupima ukishona. Na wewe si mjinga, unajua ukikimbia leo hiyo ndiyo itakuwa tageti kesho, so unashona pole pole kama mtu anayepitisha uzi kwa sindano gizani. Wapimaji nao wanajua, kwa hivyo anakuangalia anakadiria, huyu anafanya kama asilimia 80 ya mwendo wa kawaida, halafu anapunguza zile dakika. Tageti inayobandikwa ukutani na namba zake zote mara nyingi imeanzia kwa jicho la mtu anayekisia wewe unajikokota kiasi gani.