Je, wajua kwa nini alama za darasani hazitoshi kusema mtoto ana ulemavu wa akili?

Mchukue mtoto wa miaka kumi pale Kondele, Kisumu. Ukimtuma dukani kununua unga na omena, anarudi na vitu vyote na chenji kamili. Humbembeleza mdogo wake mama akiwa sokoni, anajua matatu ya kurudi nyumbani, na akipandishiwa bei hukataa. Ila akiwa gredi ya nne hawezi kusoma aya moja, na hesabu amepata mbili kwa hamsini. Mama anaitwa shuleni na kuambiwa: huyu ana shida ya akili, mtafutie shule maalum.

Mwalimu kamwona mtoto nusu tu. Tangu 1959, chama cha wataalamu wa ulemavu wa akili nchini Marekani kimeshikilia kwamba kipimo cha akili peke yake hakitoshi. Mambo matatu sharti yakutane. La kwanza ni uwezo wa kufikiri na kujifunza ulio chini sana. Vipimo vyenyewe hutengenezwa ili wastani uwe 100, na anayepata chini ya takriban 70 ndiye hutiliwa shaka. La pili ni kushindwa kumudu maisha ya kila siku kama wenzake wa rika: kujivalia, kueleza haja yake, kutumia pesa, kuishi na watu, kujiepusha na hatari. La tatu, hali hiyo iwe ilianza utotoni au ujanani. Mwongozo wa chama hicho wa 2021 unasema kabla ya miaka 22. Mtoto wetu wa Kondele, kwa tunayoyajua, hatimizi sharti la pili.

Kama alama za shule zinaonyesha uwezo wote wa mtoto, hilo lilichunguzwa huku kwetu, si Ulaya. Huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria katika Siaya, timu iliyomjumuisha mwanasaikolojia Mmarekani Robert Sternberg na wenzake wa Kenya iliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Watoto walipewa vipimo vya kawaida: michoro yenye pengo la kujazwa, msamiati, Kiingereza na hesabu. Kisha wakapewa kipimo kingine kilichotungwa kutokana na maisha ya hapo kijijini. Walisimuliwa kuhusu mtu anayeugua, wakaulizwa ni dawa gani ya mitishamba inayomfaa. Kwa mtoto wa Usenge hayo si mambo ya kigeni. Minyoo na malaria anavijua mwilini mwake, na miti inayotumika kutibu ameonyeshwa na nyanya yake.

Mtu angetarajia kwamba mwenye akili ataongoza kote. Haikuwa hivyo. Kwa jumla, waliojua dawa nyingi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule. Watafiti waliona kwamba muda na moyo wa mtoto vina kikomo: anayekaa na wazee akijifunza dawa huenda hakazanii vitabu, na kinyume chake. Ni kijiji kimoja na watoto wachache, kwa hivyo tusiupakie utafiti huo mzigo usioubeba. Hata hivyo, unatuonyesha mtoto anayeweza kujifunza vizuri sana huku daftari lake la shule likisema hawezi.

Watafiti wenzao waliwauliza Waluo wa eneo hilo wanaposema mtu ana akili wanamaanisha nini. Walipata maneno manne. *Rieko* ni maarifa na ustadi, *luoro* ni heshima, *winjo* ni kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha, na *paro* ni kufikiri na kuanzisha jambo. Kati ya hayo manne, *rieko* pekee ndiyo iliyolingana na alama za shule. Mimi naona bibi anayesema mjukuu wake ana *winjo* anapima kitu ambacho karatasi ya mtihani haina nafasi yake.

Kabla ya kumpa mtoto jina hilo zito, kuna mengine ya kuangalia. Sikio linalotoa usaha kwa miezi hupunguza kusikia. Macho huenda hayaoni ubao. Kuna mtoto anayefikiri vyema kwa Dholuo lakini hupimwa kwa Kiingereza, na kuna mwenye tatizo la kusoma tu, mengine yote yakiwa sawa.

Lakini wapo watoto wenye ulemavu wa akili kweli, na kuwaficha ndani ni kuwadhulumu. Pengine malaria kali ilipanda ubongoni, pengine mtoto alikosa hewa akizaliwa, pengine amezaliwa na hali ya Down. Swali kwao ni: asaidiwe wapi, na kiasi gani? Mmoja anahitaji kukumbushwa tu siku za kwenda kazini, mwingine anahitaji mtu wa kumlisha. Hesabu hufundishwa kwa sarafu halisi za shilingi tano na kumi, maagizo hutolewa moja moja, kazi hurudiwa hadi mkono uizoee. Mtaala wa sasa wa Kenya una njia kwa wasioweza kufuata ule wa kawaida, ambapo mwanafunzi husonga kwa hatua anazozimudu. Na hayo maneno ya "punguani" na "taahira" yaachwe: Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Pa kuanzia ni kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, ambacho wengi hukiita EARC. Kenya ina huduma hiyo tangu 1984. Muulize mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo. Siku ukienda, beba ripoti za shule na kijitabu cha kliniki, na ueleze alipokaa, alipotembea na aliposema neno la kwanza. Kisha mweleze mpimaji kuhusu unga, omena na chenji.