Hantkenina na mwiba wake: tunavyokitambua kisukuku kidogo kuliko punje ya ulezi

Kila tukiweka meza siku ya wageni hapa idara ya jiolojia Kampala kuna swali lazima lije, na mara nyingi linatoka kwa mzee aliyekaa kimya muda wote: nyie watu, Uganda haina bahari, sasa hivyo vidudu vya baharini mnavisomea nini? Swali halali kabisa. Mafuta yetu ya Hoima na Buliisa yako kwenye mashapo ya ziwa na mito, kwa hiyo umri wa miamba ya huko tunautafuta kwa chavua na viumbe wa maji baridi. Na lile jabali la Tororo ambalo watu wanatuletea vipande wakidhani ni makombe ya pwani, chokaa yake imetoka kwenye volkano, utaisaga mpaka uchoke na foraminifera, yaani hivyo vidudu vyenyewe, hutaiona hata moja. Ila bomba la mafuta linatoka Hoima mpaka Chongoleani kule Tanga, kilomita 1,443, na ukifika pwani jiolojia inabadilika kabisa, na kijana anayesomea miamba hapa kwetu hajui kesho ataitwa kazini wapi. Ndo maana tunafundisha.

Foraminifera ni kiumbe cha seli moja, basi. Hana macho, hana utumbo, lakini mara nyingi anajijengea gamba la kalsaiti, madini ya chokaa, chumba baada ya chumba, kama mtu wa Kireka hapa jirani anayejenga nyumba za kupangisha, hela ikiingia anaongeza chumba kingine, na kwa huyu mdudu chumba kipya kwa kawaida kinakuwa kikubwa kuliko cha jana. Wengi wanaishi chini kwenye tope la bahari, ila wapo wanaoelea, hao ndo wa planktoni, na leo duniani wako kama spishi 50 hivi tu. Mwaka 1826 Mfaransa Alcide d'Orbigny alilipa kundi hili jina akidhani ni ndugu wa ngisi na pweza, na ni mwaka 1835 mwenzake Félix Dujardin akaonyesha kwamba humo ndani hamna ngisi wala nini, ni seli moja. Mtaalamu mkubwa kakosea, kwa hiyo wewe ukikosea wiki ya kwanza usilie.

Mimi nilikosea kwenye Hantkenina, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya foraminifera wa planktoni waliokwisha kutoweka. Nilikuwa mwanafunzi, nimepewa sampuli ya udongo wa mfinyanzi wa Lindi, nimeuloweka, nimeupitisha kwenye chekeche la mikromita 63 chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, nimekausha, mabaki yanafanana na sukari iliyosagwa. Unakaa kwenye hadubini na brashi nyembamba iliyoloa unaokota punje moja moja unaipanga kwenye slaidi nyeusi yenye visanduku 60 (wengine wanalamba brashi, usiwaige). Nilijua Hantkenina ana miiba, kila picha inamuonyesha kama nyota, kwa hiyo nilikuwa natafuta nyota. Zenye miiba nikaziweka huku, zisizo na miiba nikaziita Pseudohastigerina, jenasi nyingine inayofanana nayo ila haina miiba, jioni nikaenda kwa msimamizi najisikia profesa. Akaangalia kama dakika mbili akaniuliza, we kijana, umeshawahi kuona kuku amenyonyolewa manyoya ukamwita mjusi?

Kumbe miiba ilikuwa imevunjika. Ukigeuza punje taratibu unaona ukingoni mwa chumba kuna kisiki, na katikati ya kisiki kuna tundu, maana mwiba wa Hantkenina ni mrija, uko wazi ndani, chumba chenyewe kimejivuta nje mpaka kikawa mwiba. Pseudohastigerina hana kisiki hicho. Tena Hantkenina mwenyewe utotoni hana miiba, inaanza kuota kwenye vyumba vya ukubwani, mmoja kila chumba, kwa hiyo hata ukimpata mzima ukiangalia vyumba vya ndani utadanganyika.

Toka siku hiyo mwiba naufanya wa mwisho. Kwanza naangalia amejikunja vipi: kuna wanaopanda kama konokono, upande mmoja umeinuka, na kuna wanaojikunja bapa, pande zote sawa, kama kamba iliyoviringwa chini. Hantkenina ni wa bapa, na hapo tayari umeshawaondoa wengi. Halafu nahesabu vyumba vya mzunguko wa mwisho. Halafu mdomo, yaani tundu kubwa la chumba cha mwisho, na hapa ndo raha ilipo, kwa sababu ukikuta usoni kuna matundu mengi kama chujio la chai huyo sio Hantkenina tena, ni Cribrohantkenina, jenasi ya jirani. Kisha ukuta, una vinyweleo vya namna gani, na kwa hilo mara nyingi tunahitaji hadubini ya elektroni. Vyumba vimebanana vizuri, mwiba umekaa ukingo wa mbele unagusana na chumba kinachofuata, hapo nafikiria Hantkenina alabamensis, ambaye Mmarekani Joseph Cushman alimwandika mwaka 1924, na jina la jenasi akamtunukia mjiolojia wa Hungaria, Miksa Hantken. Vyumba vimefura kama mandazi, nafikiria H. nanggulanensis. Nimesema nafikiria, maana jina halitolewi kwa punje moja, unaokota nyingi unazipanga mstari uone zinavyobadilika, kwani ndugu wa tumbo moja nao hawafanani.

Sasa kuna kisa cha kwetu Afrika Mashariki. Babu wa Hantkenina anaitwa Clavigerinella, yeye hana miiba, ana vyumba virefu kama vidole. Kwenye miamba ya pwani ya Tanzania, yenye umri wa kama miaka milioni 49, wataalamu walipata wale wa katikati, kidole kimeanza kuchongoka lakini bado hakijawa mwiba kamili. Ukiwapanga huoni mahali pa kukata, lakini lazima ukate, maana kitabu kinataka jina. Paul Pearson na Helen Coxall wakakata mwaka 2014, spishi wakaiita Hantkenina singanoae kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC, shirika la mafuta la taifa la Tanzania. Hiyo -ae mwishoni ni kwa sababu ni mwanamke, angekuwa mwanaume ingekuwa -i. Na mimi kila nikilisoma nacheka kidogo, Singano na sindano, kwa mdudu wa miiba jina limekaa penyewe.

Udongo wa kule pia ni baraka. Sehemu nyingi magamba haya yameiva mawe, meupe kama chaki, ila mfinyanzi wa Kilwa na Lindi hauruhusu maji kupita ovyo, kwa hiyo gamba linatoka linang'aa kama glasi, unaona vyumba mpaka ndani.

Faida yake kazini ni umri. Hantkenina alizaliwa, akatamba, akafa wote, na kifo chake ndo mpaka wa Eosini na Oligosini, vipindi viwili vya historia ya dunia vinavyofuatana, miaka milioni 33.9 iliyopita, wakati dunia inapoa na barafu inaelekea kutanda Antaktika. Mwamba wa kielelezo cha mpaka huo rasmi uliwekwa Massignano, Italia, mwaka 1992. Visima vya utafiti vya Tanzania vilionyesha spishi 5 za familia ya Hantkenina zikipotea pamoja.

Na kisima unakichimba toka juu kwenda chini, kwa hiyo mwisho wa spishi ndo unakutana nao kwanza. Mwanzo wake hatuuamini sana, maana vipande vya juu vinaporomoka ndani ya shimo vinachanganyika na vya chini, unaweza kumkuta mjukuu kwenye kaburi la babu. Ndo maana ile Hantkenina ya kwanza kabisa kuonekana kwenye vipande vinavyopanda na matope ina thamani kuliko mia zinazofuata. Shida ni kwamba keekee inasaga kila kitu, na mara nyingi kinachotangulia kutokea kwenye trei ni mwiba peke yake, kimrija cha glasi hata nusu milimita hakifiki. Mwanafunzi anaupuliza akidhani ni taka. Mimi huwa nauweka kisanduku cha mwisho, namba 60, halafu narudi kwenye trei kumtafuta mwenye nao.