Kontrebasi katika jazi: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Kwetu Lubumbashi, kijana akitamka kwamba anataka kuishi kwa kupiga kontrebasi ya jazi, yaani besi kubwa ya mbao, wazee hudhani anazungumzia rumba, na hawana kosa, kwa kuwa bendi za rumba African Jazz ya mwaka 1953 na OK Jazz ya mwaka 1956 zilibeba jina hilo. Ila dhana nyingine humvunja moyo kijana huyo bure.

Dhana: Kontrebasi ni ya aliyeshindwa ala nyingine.
Ukweli: Mpiga kontrebasi wa Marekani Ron Carter, aliyezaliwa mwaka 1937, alianza na selo, ala ya nyuzi iliyo ndogo kuliko kontrebasi, akiwa na miaka kumi, na mpiga kontrebasi mwenzake Charles Mingus naye alitoka kwenye selo. Hawakukosa kipaji, Marekani ya wakati ule ilimfungia mpiga selo Mweusi milango ya orkestra kubwa, na hilo linastahili kukumbukwa kila tunapowasikia. Kabla yao, Jimmy Blanton, aliyepiga kontrebasi katika bendi ya Duke Ellington tangu 1939 hadi 1941, aliionyesha dunia kwamba besi inaweza kuimba kama tarumbeta. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1942, akiwa na miaka 23 tu.

Dhana: Mpigaji wa besi hawezi kuongoza.
Ukweli: Mingus aliongoza bendi, alitunga, na mwaka 1952 alianzisha kampuni ya kurekodi, Debut, pamoja na mpiga ngoma Max Roach.

Dhana: Asiye nyota hufa njaa.
Ukweli: Kazi hii hujengwa kwa kuitwa na wengine. Carter alitambuliwa mwaka 2015 kuwa amesikika katika rekodi 2,221, nyingi zikiwa za watu wengine, kwa sababu husoma noti haraka na hushika mapigo bila kuyumba. Anayebaki hapa kwetu, kwa maoni yangu, ajiandae kupiga pia rumba na nyimbo za kanisa.

Dhana: Ajuaye gitaa la besi ameshajua kontrebasi.
Ukweli: Sauti za nyuzi ni zile zile, mi, la, re, sol, lakini shingo ya kontrebasi haina alama za kuongoza vidole, kwa hiyo sikio ndilo linalotafuta sauti. Mbao nazo zina madai yake: kiangazi chetu kirefu huzikausha hadi viungo vikaachia. Tena nyuzi zote zisitolewe kwa mara moja, kwani ndani kuna kijiti kinachosimama kwa mgandamizo tu, bila gundi, ambacho Wafaransa hukiita roho. Kikianguka, ala hupoteza sauti yake mpaka fundi akisimamishe tena.